Kofia ya Verlin Stucky

Ndugu zangu wenye watoto, kaeni tusemezane. Habari hii ni ya nyumba iliyokuwa na kila sababu ya kushukuru.

Jumapili moja baada ya ibada, familia ya Stucky wa Kansas, Marekani, ilikaa mezani kula maharage ya pilipili na mikate ya mdalasini. Watoto wote wawili walikuwa wakisoma chuo kikuu cha umma cha jimbo, na wote walichezea timu za gofu za chuo hicho: Colby ya wanaume, dada yake Brenna ya wanawake. Si kila mji mdogo hupata bahati hiyo, na mama yao, Joleen, hakuchoka kuitaja kanisani.

Brenna alikuwa akieleza mazoezi ya timu yake baba alipomkatiza. Verlin Stucky aliuza vipuri vya matrekta, na ujanani aliwahi kuukaribia ubingwa wa gofu akaukosa. Sasa alimtazamia Colby amletee.

"Hayo baadaye, binti," alisema. "Colby, sikiliza. Nikigusa kofia, chukua fimbo yenye nguvu zaidi. Nikikunja mikono kifuani, chukua ya nguvu ndogo."

Joleen alimkumbusha kwamba katika gofu ya vyuo mzazi hutazama kutoka mbali; shindano likishaanza, ni kocha peke yake anayeruhusiwa kumshauri mchezaji. Verlin alijibu kwamba hakuna sheria inayomkataza mtu kujikuna kichwa. Colby alicheka kidogo, akainamia bakuli lake. Brenna aliona kwamba hakukataa.

Mashindano ya majira ya kuchipua yalifanyika kwenye uwanja wa chuo chao wenyewe. Wanawake walianza asubuhi, na wanaume baadaye. Upepo wa Kansas, usiojua kupumzika, ulivuma kutoka kusini, na Brenna aliusoma kama alivyozoea, kwa kutazama vilele vya miti na mawimbi ya bwawani. Baba yake hakuwahi kumfuata uwanjani hata mara moja, hivyo ilimbidi ajifunze mwenyewe. Timu yake ilitwaa kombe. Alimkumbatia mama yake, kisha akaenda kumtazama kaka.

Alimkuta kwenye shimo la umbali mfupi lililo ng'ambo ya bwawa, timu ya wanaume ikiongoza kwa mapigo machache. Colby alikuwa ameshika fimbo namba saba. Akatupa jicho kando ya njia. Verlin akagusa kofia. Colby akarudisha saba mkobani, akatoa sita, inayopeleka mpira mbali zaidi, na mpira ukatua karibu kabisa na bendera. Watazamaji wakapiga makofi. Brenna hakupiga.

Alimngoja kaka yake kwenye daraja la bwawa.

"Ulikuwa na saba mkononi. Nani kakubadilishia?"

"Upepo."

"Siku hizi upepo unavaa kofia?"

Colby alitembea hatua chache, akasimama, akageuka kumfuata mwamuzi, mama mmoja mtu mzima aliyekuwa ameketi kwenye kigari chini ya mti. Alimwambia waziwazi kwamba leo amefuata ushauri wa baba yake kwenye mashimo matatu, akayataja moja moja. Adhabu ni mapigo mawili kwa kila shimo. Uongozi wa timu ukayeyuka hapo hapo, na jioni kombe likaenda kwa wageni.

Verlin alimvamia mwanawe kwenye maegesho. "Umenivua nguo mbele ya watu."

"Baba, sijui kupima upepo," Colby alisema kwa upole. "Nina miaka ishirini na moja, na sijui. Umekuwa ukinipimia wewe."

Kocha wa wanaume alimwondoa Colby kikosini hadi msimu wa vuli, na Verlin akapigwa marufuku kukanyaga uwanja kwa muda huo huo. Lakini wachezaji wenzake, ambao wangekuwa na haki ya kununa, walimpa mkono mmoja mmoja, na wapinzani pia. Brenna alimtazama akipokea mikono ile, akajisikia fahari kubwa kuliko alipolishika kombe lake.

Garini ndipo Joleen alipomwambia mumewe kwamba binti yao ameshinda.

"Lini?"

"Mchana. Wewe ulikuwa unagusa kofia."

Verlin aliivua kofia yake.

Kiangazi chote Brenna alimfundisha kaka yake kuusoma upepo. Alikuwa mwalimu mkali. Colby alipokosea, Brenna alimwita "mtoto wa mama", na Colby akamwita "mheshimiwa kocha". Vuli ilipofika Colby alirudi kikosini, akachagua kila fimbo mwenyewe. Alimaliza katikati ya orodha, akiwa amezamisha mipira miwili bwawani, kisha akaeleza kosa la kila mpira bila kuulizwa.

Siku hiyo Verlin hakumfuata Colby. Alimfuata Brenna, shimo kwa shimo, kimya. Alipomaliza, alimsogelea na kumuuliza kwa nini pale kwenye kilima amechukua fimbo ya nguvu ndogo. Brenna alimweleza. Baba yake alisikiliza hadi mwisho.

FUNZO

Mzazi anayemwamulia mtoto kila jambo humnyang'anya akili ya kuamua, na ushindi unaopatikana hivyo si wa mtoto. Ukiwa na watoto wawili, watazame wote wawili. Na mtoto wako akikiri kosa lililomgharimu kombe, mpe mkono mbele ya watu: umejaliwa mtoto mwema kuliko ulivyostahili.