Cheti cha Sindano

Prado nyeusi ilikuwa bado nyuma yao.

Sindano aliiona kwenye kioo cha pembeni, ikichomoza kati ya lori la saruji na teksi. Haikuwa na haraka hata kidogo. Ilikuja kama mtu anayejua unakokwenda, kwa hiyo haoni sababu ya kukimbia.

Alikanyaga mafuta. Subaru ikanguruma, ikavuka taa nyekundu, ikakata kona mbele ya duka la vioo vya madirisha. Mwenye duka alishika kichwa kabla hata hajajua kama kuna kilichovunjika.

Hakikuvunjika kitu. Mwanamke huyu anajua gari, hilo tusimnyime.

Kwenye kiti cha nyuma, chini ya blanketi la kijivu, alikuwa amejikunja mfamasia, mama wa makamo, miwani kaishika mkononi isije ikavunjika. Ndiye aliyepima vidonge vya moyo vilivyokuwa vikiingizwa kwa makontena na kukuta ni chokaa iliyopakwa rangi. Mchana huo alitakiwa asimame mbele ya jaji aseme alichokiona. Asipofika, kesi imekufa, na chokaa itaendelea kuuzwa kwa wagonjwa. Wenye makontena walilijua hilo, ndiyo maana walitaka afe yeye kwanza.

"Kituo, hapa Sindano," akasema kwenye redio ya Motorola. "Nina mkia."

"Badili gari. Maegesho ya chini, jengo la bima. Corolla nyeupe."

"Nakwenda."

Akateremka kwenye maegesho ya chini huku tairi zikilia. Corolla nyeupe ilikuwepo. Waliokuwa wameiegemea pia walikuwepo, wanaume wawili, mmoja anamalizia soda. Akaiweka chupa chini taratibu, akachomoa bastola.

Sindano akarudi kinyumenyume kwa kasi. Risasi ikapasua taa, nyingine ikang'oa kioo cha pembeni. Akatoa Glock dirishani, akajibu bila kulenga, ili tu wainamishe vichwa. Subaru ikapanda kule ilikotoka, ikaibukia juani.

Kutoka chini ya blanketi mfamasia aliuliza kwa adabu kama hayo nayo yalikuwa kwenye mpango.

Sindano akamwambia ndiyo. Uongo mtupu.

Simu ikaita. Alikuwa Mkuu wa Idara ya usalama mwenyewe. Mkuu hapigi simu watu wakiwa kazini. Akipiga, ujue kuna msiba. Akasema hakuna aliyekuwa akimfuata Sindano kwa macho. Walikuwa wanamsoma.

Hapa lazima tusimame kidogo. Wakongwe wa Idara walikuwa wanastaafu, na kila aliyestaafu aliondoka na ghala zima kichwani: mlango upi unafunguka kwa nyuma, mtu unampoteza vipi sokoni. Mkuu akaona hasara, na hapo alikuwa na haki. Akaagiza mfumo wa masomo ya kompyuta, ukaitwa Darasa. Wakongwe wakae mbele ya kamera waseme wanachokijua, waliobaki wasome, wafanye jaribio, wapewe cheti. Kisha akatundika skrini kubwa kwenye ujia wa ofisi. Aliyemaliza jina lake la kazi linawaka kijani, mzembe linawaka jekundu. Jina la Sindano lilikuwa kijani kibichi, asilimia mia.

"Kuna mtu amefungua Somo la Saba sasa hivi," Mkuu akasema. "Kumpeleka shahidi mahakamani. Anasoma yeye, wenzake wanakufukuza."

"Kwa akaunti ya nani?"

"Yako."

Masikio ya Sindano yakamwaka moto. Amewahi kupigwa risasi ya bega, amewahi kulala juu ya dari huku adui akipiga mswaki chini yake, na hakuwahi kusikia joto la namna hii. Ilikuwa aibu, na alijua ilikotoka.

Dada yake ameolewa na mtu mmoja mcheshi, mwenye ofisi juu ya kinyozi. Kazi ya shemeji huyu haina kibao mlangoni, lakini nusu ya mji inaijua: anawafanyia watu masomo yao ya kompyuta. Watu wa benki, wauguzi, wazima moto, na inasemekana rubani mmoja, Mungu atunusuru. Unampa paswedi, naye anakaa anabofya Endelea, Endelea, Endelea, mpaka cheti kitoke. Wateja walipozidi akaajiri wabofyaji, na paswedi za watu akazibandika ukutani ili kila mmoja wao azione vizuri.

Sindano alimpa yake nyumbani kwa dada, watu wako mezani, wanacheka. Alisema yeye ni mtu wa kazi, si wa kukaa kwenye dawati kama mtoto. Shemeji akamfanyia kwa wema, na akamtumia na muhtasari wa WhatsApp juu yake. Wa Somo la Saba ulikuwa mfupi: ukifukuzwa, badili gari maegesho ya chini, kisha ingia mahakamani kwa nyuma, chumba cha jenereta, mwisho kushoto kuna ngazi ya kupanda kwa jaji. Aliupitia asubuhi ile akifunga viatu. Na huko ndiko alikokuwa anampeleka mama wa watu.

"Subiri," Mkuu akasema. "Nakuunganisha na Mwalimu."

Sindano alitamani ardhi ipasuke.

Mwalimu ndiye aliyemfundisha kila kitu tangu alipoingia Idara akiwa msichana, na hata jina Sindano yeye ndiye aliyempa. Mwaka wake wa mwisho kazini, mama huyo aliumaliza mbele ya kamera, mguu unamsumbua, akirudia na kurudia mpaka somo likae sawa. Sindano alimfanyia mzaha kantini. Alisema bibi anatufundisha kupanda ngazi kwa video. Watu walicheka sana siku ile.

"Unaelekea wapi?" Mwalimu akauliza. Sauti ilikuwa ile ile, haipandi haishuki.

"Chumba cha jenereta, Mwalimu."

"Nani kakuambia upite huko?"

"Somo la Saba."

"Ulilisoma?"

Simu ilikuwa kwenye spika. Kwenye kioo cha kutazamia nyuma Sindano akaona blanketi limeshuka. Mfamasia alikuwa amevaa miwani yake, anamtazama.

"Hapana, Mwalimu. Shemeji yangu alinifanyia."

Mwalimu hakugomba. Afadhali angegomba. Alieleza kwa utulivu kwamba ngazi haipo. Chumba kile kina mlango mmoja wa chuma. Unajifunga wenyewe na haufunguki kwa ndani. Ngazi aliiweka yeye makusudi. Mwisho wa somo alimtaka kila mwanafunzi aende kwa miguu yake akaangalie, kisha amwandikie kosa aliloliona. Aliyeandika alipewa njia ya kweli. Jaribio la kuchagua A au B lilikuwa la Mkuu, kwa sababu Mkuu anapenda asilimia.

Upande wa pili wa laini, Mkuu akakohoa.

"Una asilimia mia na hukuniandikia," Mwalimu akasema. "Nilijua siku ile ile."

"Mbona hukusema?"

"Nilingoja useme wewe. Akili za kuambiwa, changanya na zako. Nilikufundisha hilo kabla ya kukufundisha bastola."

Mfamasia ndiye aliyezungumza, bila ukali, kama anayewaza kwa sauti.

"Mimi ningetoa dawa kwa namna hiyo, mtaa wetu ungekuwa umeshazikwa."

"Samahani, mama," Sindano akasema.

"Nifikishe tu, mwanangu."

Prado ikaonekana tena, mbali, haina haraka.

"Mwalimu, hawa somo wamelisoma lote," Sindano akasema.

"Basi tuwaache wafaulu."

Kwenye kona aliyoitaja simuni, ya maduka ya fotokopi, mtaa wa nyuma ya mahakama, Mwalimu alikuwa amesimama na mwavuli na bahasha kubwa ya kaki, kama mstaafu yeyote anayefuatilia kesi ya kiwanja. Sindano, aliyekuwa ameitangulia Prado kwa kona mbili, akafunga breki. Mfamasia akashuka, akavua mtandio akauacha kwenye kiti, Mwalimu akamshika mkono. Kuanzia hapo walikuwa dada wawili wanaokwenda mlango wa mbele, kwenye foleni ya watu wote, mahali ambapo hakuna somo lililopataja.

Sindano aliona vigumu kumtazama usoni. Mwalimu akaingiza mkono dirishani, akakaza mkanda wa fulana yake ya kuzuia risasi, uliokuwa umelegea. Ndivyo alivyokuwa akifanya zamani, kabla ya kila zoezi. Sindano akauma mdomo, akaondoa gari.

Alisimama kidogo njiani, akalivingirisha blanketi juu ya tairi la akiba, akalifunga ule mtandio. Akapita taratibu mahali ambapo Prado ingemwona. Ikamwona. Nyuma ya mahakama akasimama mbele ya mlango wa chuma, akabeba mzigo wake begani kama anayembeba majeruhi, akakimbilia ndani.

Wakamfuata, wote waliokuwa ndani ya Prado isipokuwa dereva, na wale wa Corolla nyuma yao.

Chumba kilinguruma kwa jenereta. Aliyetangulia alikuwa mwanamume wa suti ya kijivu na kidude sikioni, ndiye aliyekuja kutoka ng'ambo kuusimamia mzigo wa makontena. Mtu wao alikuwa anamsomea Somo la Saba moja kwa moja. Sindano, akiwa amejibanza nyuma ya tangi la dizeli, akamsikia akiwapasha wenzake: mwisho wa chumba, kushoto, ngazi.

Wakakimbilia kushoto.

Ukuta.

Nyuma yao mlango wa chuma ukajifunga wenyewe kwa uzito wake.

Mmoja akamwona Sindano, akainua bastola. Bwana wa suti akaipiga chini ile bastola, akasema kuna dizeli humu, unataka tufe wote? Angalau huyo alikuwa akisoma mazingira.

"Panda tangi," Mwalimu akanong'ona kwenye kisikizi cha simu sikioni mwa Sindano. Nyuma ya sauti yake askari wa ukaguzi alikuwa anawaambia watu watoe simu na funguo mifukoni. "Juu kuna dirisha la hewa. Nondo ya kati imelegea. Isukume, usiivute."

Sindano akapanda. Mkono ukamshika kifundo cha mguu. Akaupiga kwa kisigino, ukaachia. Akaisukuma nondo, ikatoka. Angekuwa na mfamasia mgongoni asingeweza kupita pale. Hilo alilifikiria akiwa nusu ndani nusu nje, suruali imenasa, na likamtia baridi kuliko bastola zote zilizokuwa chini yake.

Akaanguka uani. Vijana wa Idara walikuwa wameshauzunguka mlango na wamemkalisha dereva wa Prado chini. Waliokuwa ndani wakaanza kugonga kwa adabu, wakiomba kufunguliwa.

"Mwalimu?" Sindano akaita dakika chache baadaye.

"Ameapa. Anasema sasa. Jaji anaandika."

Wakati huo huo vijana wengine wa Idara walipanda ngazi za kinyozi. Walimkuta mbofyaji mmoja na Somo la Saba wazi mbele yake, jina la Sindano juu ya skrini, simu ameibana kati ya sikio na bega, bado anasoma. Wafanya magendo ndio waliompeleka pale aombe kazi. Shemeji hakujua lolote. Alilia, akasema yeye alikuwa anasaidia watu tu. Akafungwa pingu naye.

Dada alipiga simu kabla Sindano hajafika ofisini. Hakupiga kelele.

"Ulimpa mwenyewe, mezani kwangu," akasema. "Mimi nikiangalia. Leo anatolewa kwenye ngazi kama mwizi, majirani wote wamesimama, na wewe utapewa mkono wa pongezi."

"Nitasema ilianzia kwangu, dada. Nitaandika na nitasaini."

"Andika," dada akasema, akakata.

Uso umeumbwa na haya, wahenga walisema, na wa Sindano siku hiyo ulikuwa umejaa. Alipoingia kwenye ujia, wenzake walipiga makofi. Mkuu alikuwa amenyoosha mkono. Juu yao skrini ilikuwa inawaka, na jina lake lilikuwa kijani, asilimia mia.

Akamwambia fundi wa mfumo alifanye jekundu.

Fundi akacheka, akidhani ni utani.

"Sikulisoma hata somo moja," Sindano akasema, kwa sauti ya kusikika na watu wote. "Nilimpa mtu paswedi yangu. Leo nilikuwa nampeleka mama wa watu kaburini kwa sababu hiyo. Weka jekundu."

Makofi yakafa. Wapo walioinamia viatu vyao, na nadhani unajua kwa nini. Hata Mkuu aliutazama ule mkono wake uliobaki hewani, akaurudisha mfukoni. Jina likageuka jekundu. Sindano akavaa miwani yake ya jua, akapita katikati yao kwa mwendo wa taratibu, mabega wima, suruali imepasuka gotini. Waliomwona walisema yule ana roho ya chuma. Hawakuyaona macho.

Alitembea mpaka mahakamani. Akasimama uani, akautazama mlango, uliokuwa wazi sasa, akautazama ukuta wa kushoto kule ndani kwa muda mrefu. Kisha akatoa simu, akaandika.

"Mwalimu, Somo la Saba lina kosa. Ngazi haipo."

Jibu likaja.

"Nani anaandika? Wewe au shemeji yako?"

"Mimi."

Akangoja. Watu wa kesi walikuwa wanatoka, wengine wanacheka, wengine wamenuna. Simu ikatetemeka mkononi.

"Anza Somo la Kwanza."

Alirudi ofisini, akaingia chumba cha kompyuta, akafunga mlango, akavua miwani. Uso wa Mwalimu ukatokea kwenye skrini, amechoka, mguu kaunyoosha juu ya kiti, anasema karibuni wanangu. Chini yake kulikuwa na kitufe cha Endelea. Sindano akaondoa mkono kwenye kipanya, akasikiliza.