Jekundu, Jeupe na Sikio la Chiriku

Wazazi wenzangu, na ninyi mtakaokuwa wazazi, nitawasimulia habari za nyumba moja. Ningependa kusema ni nyumba ya jirani, maana aibu ya jirani husimulika kwa raha. Lakini nyumba ni yangu, na mwenye makosa ni mimi.

Kazi yangu ni kukodisha vyombo vya sauti. Watu wakiwa na harusi, mkutano au mazishi hunipigia simu, nikaenda kuwafungia spika na vipaza sauti. Spika ikiwa na kasoro ndogo ninaitambua nikiwa bado nje ya ukumbi, ndiyo maana mafundi wenzangu walinibandika jina la Sikio. Nililipenda sana jina hilo. Siku hizi mtu akiniita hivyo ninainamisha kichwa.

Nyumbani tuko watatu. Mke wangu hutengeneza keki za sherehe. Binti yetu ana miaka minane, na tulimwita Chiriku kwa sababu tangu alipojua kusema hakujua kunyamaza.

Jumapili moja tulikuwa sebuleni baada ya chakula cha mchana. Mke wangu alikuwa mezani akikunja maua ya sukari ya kupambia keki. Chiriku alikuwa sakafuni, ameegemeza mgongo kwenye spika yangu kubwa na kunyoosha miguu. Mimi nilikuwa na simu mkononi. Ndani ya simu hiyo nilikuwa nimerekodi milio ya magari mawili ya kasi, ya milango miwili, moja jekundu na moja jeupe. Biashara ilikuwa imeninyookea, na nilikuwa nimeamua kununua moja. Kazi ilikuwa kujua lipi.

"Haya, Chiriku. Ni lipi hili?" Nikabonyeza. Sauti ya injini ikajaa sebule, vijiko vikatetemeka kwenye sahani.

Akafumba macho kidogo. "Jekundu."

"Na hili?"

"Jeupe, baba. Hilo rahisi."

Hakukosea hata mara moja. Nilivimba kichwa. "Mama Chiriku, unaiona damu yangu hiyo?"

"Damu yako ije ioshe vyombo," mke wangu akajibu bila kuinua macho, nasi tukacheka.

Kisha akaenda kutandika vitanda, akarudi na foronya ya mtoto. Ilikuwa na doa la njano. Alilinusa, akakunja uso.

"Sikio lake la kulia linatoa usaha tena," alisema. "Safari hii tusilipuuze. Daktari wa masikio huja hospitali yetu kila Jumamosi. Mimi Jumamosi ninapeleka keki, unajua. Mpeleke wewe."

"Nitampeleka," nikasema. Kidole changu kilikuwa tayari kimebonyeza tena mlio wa jeupe.

Niseme kidogo kuhusu magari hayo, la sivyo hamtaelewa jinsi mtu mzima anavyopotewa na akili. Jekundu lilikuwa na injini nyuma kabisa, usukani mzito, na breki zinazoshika kama mtu aliyeshtuka. Jeupe lilikuwa na injini mbele na turbo mbili, na lilichomoka upesi zaidi. Nilinunua daftari, nikachora mstari katikati ya kila ukurasa, jekundu huku, jeupe kule. Niliandika sekunde, gia, tairi, ngozi ya siti. Siku moja nilimfanya muuzaji afunge milango mara kumi na mbili nisikilize. Mlango wa jeupe ulifunga kwa sauti moja. Wa jekundu ulitoa sauti mbili, ya pili ndogo sana, na niliisikia. Muuzaji alinitazama, akasema, "Bosi, wewe si mtu wa kawaida." Nilifurahi siku nzima.

Jumamosi ya kwanza niliondoka na mtoto kwenda hospitali, nawaapia. Lakini yadi ya magari iko njiani, na muuzaji alikuwa ameahidi kuniwashia jeupe likiwa la baridi, maana injini iliyolala husikika tofauti. Dakika kumi tu, nilijiambia. Tulipofika hospitali muuguzi alikuwa ameshamaliza kutoa namba. Nikapita duka la dawa, nikanunua matone ya masikio kwa kichwa changu mwenyewe.

Kabla hatujaingia nyumbani nilimgeukia Chiriku. "Mama akiuliza, sema tumemwona daktari, ametupa matone. Usimwambie tulikuwa kwenye magari. Sawa?"

Alinitazama mdomoni kwa muda, kisha akakubali kwa kichwa. Mimi niliona ni utiifu.

"Daktari amesemaje?" mke wangu aliuliza.

"Matone, wiki mbili."

"Alimchungulia ndani?"

"Alimchungulia vizuri tu," nikasema, na wala ulimi haukunikwama.

Jumamosi ya pili hatukufika hospitali kabisa. Wala ya tatu. Zilipita Jumamosi saba namna hiyo. Usaha ulikauka siku chache, ukarudi, nikaongeza matone, nikatia na kwenye sikio la kushoto, ambalo nalo lilikuwa limeanza. Mke wangu akiuliza, nilisema daktari ametaka tuendelee. Huku yadini Chiriku alikalishwa kwenye siti za ngozi, akapewa biskuti na muuzaji, nami niliandika daftarini hadi kalamu ikaisha wino.

Dalili zilikuwepo, jamani. Mtoto aliyekuwa haishiwi maneno alianza kukaa kimya, nikasema anakua. Akizungumza alipiga kelele, nikasema ana sauti ya baba yake. Nilijitia hamnazo mpaka mwalimu wake wa darasa la tatu akaniita shuleni.

"Nikimwita akiwa amenipa kisogo, haitiki," mwalimu alisema. "Nimemhamishia dawati la mbele. Naona mngempima masikio."

Niliona kama ananitukana. "Mwalimu, mtoto huyu anatofautisha injini mbili za magari kwa kusikia tu. Wewe unaweza?"

"Siwezi, mzazi," akajibu taratibu. "Lakini nikiitwa naitika."

Niliondoka nimenuna. Mke wangu sikumwambia.

Jumamosi ya nane ilikuwa siku ya kukata shauri. Nilikuwa nimebakiza kulinganisha breki. Nililitoa jekundu nyuma ya yadi, vioo nimeshusha, na mlio wake ulikuwa mkubwa hata mlinzi wa getini akaziba masikio kwa viganja. Mbele yangu, katikati ya uwanja wa saruji, Chiriku alikuwa amesimama akiliangalia jeupe. Alikuwa amenipa mgongo.

Nikataka kumtania. Nikakanyaga mafuta injini ingurume, nikijua atashtuka aruke pembeni. Hakugeuka. Nikapiga honi. Hakugeuka. Nikapiga tena, ndefu, huku gari likikimbia, kwa sababu gari la namna ile likiguswa tu limeshafika. Yeye akainama kuvuta soksi yake.

Nilikanyaga breki kwa miguu yote miwili. Bampa ilisimama hatua moja kutoka kwake. Breki zile nilikuwa nimezipa alama tisa katika daftari, na sijui hadi leo ningekuwa nasimulia nini kama siku hiyo ningekuwa kwenye jeupe, ambalo breki zake nilizipa saba.

Muuzaji alikimbia akamshika mtoto bega. Hapo tu ndipo Chiriku akageuka, akaliona gari, akanipungia mkono akitabasamu.

Nilishuka. Nilimzunguka nikasimama nyuma yake. "Chiriku," nikaita. Kimya. "Chiriku," nikaita kwa sauti ya kuamsha mtaa. Alikuwa anahesabu miraba ya saruji kwa ncha ya kiatu.

Nikamgeuza. "Hukusikia honi?"

Macho yake yalikuwa mdomoni mwangu. "Honi ipi?"

"Na nyumbani? Magari unayajuaje nyumbani?"

"Kwa mgongo," akasema kwa sauti kubwa, kama anayeeleza jambo ambalo kila mtu analijua. "Kwenye spika. Jekundu linagonga, jeupe linatekenya."

Mimi, mwenye kusikia mlango ukifunga kwa sauti mbili, nilikuwa nimekaa na mtoto huyu sebule moja na sikujua. Nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Ulisema nisimwambie mama kwamba hatukwenda kwa daktari. Nikadhani na hili nisiseme."

Nilimpigia simu mke wangu. Alitukuta mlangoni mwa hospitali akiwa bado na aproni, unga wa sukari umemganda vidoleni. Muuguzi alikuwa anafunga orodha. Aliomba kadi ya mtoto.

"Yumo kwenye vitabu vyenu," mke wangu alimwambia. "Alikuja kama miezi miwili iliyopita, akapewa matone."

Muuguzi akafungua daftari lake, akapitisha kidole ukurasa mmoja, wa pili, wa tatu. "Hayumo, mama."

"Tafuta tena."

"Hayumo," nikasema mimi. Ilibidi niseme. "Hatukuwahi kuja."

Mke wangu alinigeukia. "Na matone?"

"Nilinunua mwenyewe."

"Jumamosi zote hizo mlikuwa wapi?"

Chiriku, aliyekuwa akiitazama midomo yetu kwa zamu, alinishika mkono kunitetea. Huo mkono mdogo uliniumiza kuliko kofi.

Daktari alimpima kwa muda mrefu. Alieleza kwamba usaha umetoboa ngozi ya ndani ya masikio yote mawili, na upande wa kulia umekula vijifupa na kuingia ndani zaidi. Sikio la kulia halitasikia tena. La kushoto lilikuwa na nafasi, kwa kupasuliwa. Kisha akainua ile chupa yangu ya matone, niliyokuwa nimeitoa mfukoni.

"Nani aliwapa hii? Haifai kwa sikio lenye tundu."

"Mimi," nikasema.

"Angeletwa mwanzo, sikio la kulia lingepona?" mke wangu aliuliza.

Daktari aliiweka chupa mezani. "Siwezi kuapa, mama. Ila wiki zile zilikuwa na maana kubwa."

Ningependa angesema ndiyo au hapana. Nimebaki na jibu hilo, na ninalala nalo na kuamka nalo.

Chiriku alipasuliwa sikio la kushoto. Linasikia kiasi, kwa kifaa kidogo anachovaa nyuma yake. Magari sikununua hata moja, na msinisifu kwa hilo, maana sikuacha kwa wema. Niliacha kwa sababu kila nikisikia injini ya namna ile ninaona soksi zile. Mke wangu hakuondoka, wala hakunifokea. Lakini nikimwambia nimempeleka mtoto kliniki, huinua simu akamuuliza muuguzi. Hufanya hivyo mbele yangu, bila hasira, nami hungoja amalize.

Wiki moja baada ya upasuaji alilikuta daftari langu. Alilisoma lote, ukurasa kwa ukurasa, ameketi palepale mezani pa keki.

"Nimemtafuta mtoto humu," aliniambia. "Nimemkuta mara moja."

"Wapi?"

Akanisogezea ukurasa. Ulikuwa mwandiko wangu, upande wa jekundu: Siti ya nyuma ni finyu, lakini Chiriku anaenea.

MAFUNZO

Ndugu zangu, kutamani kitu kizuri si dhambi, na gari si shetani. Dhambi yangu ilikuwa kutoa macho, masikio na Jumamosi zangu zote kwa vitu viwili vya bati, nikamwachia mtoto mabaki. Mzazi anayeweza kusikiliza mlango ukifungwa mara kumi na mbili hana haki ya kusema hakuwa na muda. Mtoto wa maneno mengi akinyamaza, usiseme anakua. Kaa naye ujue. Mwalimu akikuita, nenda ukasikilize, usiende kushindana. Dawa ya mtoto iandikwe na daktari, si na haraka yako.

Na zaidi ya yote, usimfundishe mtoto kukufichia uongo. Mimi nilimwomba afiche jambo moja dogo. Yeye, kwa mapenzi na utiifu wake, akaficha na maumivu yake.

Siku hizi sebuleni Chiriku hukaa upande wangu wa kulia, ili sikio lake la kushoto lielekee kwangu. Akisahau akakaa kushoto, simwambii kitu. Ninainuka mimi, ninamzunguka, ninakaa upya. Kisha ninamwita kwa sauti ya kawaida, ninangoja kuona kama atageuka.