Dawa ya Maganda ya Chenza

Kila Jumamosi mimi hukaanga viazi karai vya kuuza kule Makadara. Zakiya, binti yangu wa miaka kumi na mitatu, hubaki nyumbani Mji wa Kale na mdogo wake, Tumu. Nimewakataza mara ngapi kuteleza juu ya mkono wa ngazi! Jumamosi moja waliteleza. Tumu akaanguka, akagonga kisogo sakafuni.

Zakiya aliogopa. Tena ni msomaji: alikuwa ameona kwenye simu kwamba watafiti wanachunguza flavonoidi, viini vilivyomo katika vitunguu na maganda ya matunda, huenda siku moja vikatibu ubongo ulioumia. Akachemsha maganda ya chenza na vitunguu, akamnywesha mdogo wake.

"Kunywa, na usimwambie mama."

"Chungu! Kichwa chaniuma, dada."

"Ndiyo dawa yafanya kazi hiyo. Lala."

Niliporudi adhuhuri, nyumba yanuka vitunguu. "Wapika nini, wewe?"

"Chai ya mafua tu, mama."

Tumu alikuwa amelala. Watoto wetu hulala mchana kabla ya madrasa, basi nikamfunika leso niliyojitanda, nikapita. Mimi mwenyewe, mamake. Alasiri nikamwamsha, hakuamka. Matapishi yalikuwa chini ya shavu lake.

Ndipo Zakiya akapiga ukelele, "Alianguka, mama! Nimempa dawa ya ubongo!"

Tukamkimbiza hospitali kwa tuktuk. Damu ilikuwa imevuja ndani ya fuvu; akapasuliwa. Baadaye Daktari Awino akamkalisha Zakiya.

"Ulilosoma si uongo, mwanangu. Lakini watafiti hao wangali wanajaribia panya zaidi, maabarani. Dawa ya binadamu bado. Na chai yako isingeweza kuiondoa damu ile. Tumu alihitaji useme tu."

"Tumechelewa kwa saa ngapi, dakta?" nikauliza.

"Saa nne nzima, mama."

Tumu yuko hai, alhamdulillahi. Lakini mkono wa kulia haushiki kalamu, na kila asubuhi Zakiya humfungia vifungo vya sare.

Juzi akaniambia, "Nilidhani utanipiga."

"Ningekupiga, ndiyo," nikamjibu. "Kofi lingepoa siku hiyo hiyo. Mtu akigonga kichwa, mwambie mkubwa papo hapo, hata kama kosa ni lako. Usimtibu wewe, usimfiche. Ubongo haukungoji umalize kuogopa."