Goti la Kibibi

Siwatu aliona kwanza goti la Kibibi. Lilikuwa safi.

Katika kituo cha sanaa cha mtaa wao, Tanga, vijana wote walifuta brashi kwenye goti la kushoto la aproni. Mwalimu wao, Bi Mwatumu, aliwakanya mpaka akachoka, mwishowe akaanza kuwapima kwa goti hilo hilo.

"Goti jeupe, mtu mvivu," alisema.

Lakini Kibibi hakuwa mvivu. Mbele yake Mkono Pacha ulikuwa ukichora ukutani. Ulikuwa mkono wa chuma ulioning'inia darini, wenye vidole vinne laini. Kikuku alichovaa Kibibi kilisoma mishipa ya kiganja chake, na akili mnemba ya mashine ikajua anataka kwenda wapi kabla hajafika. Aliwaza mbuzi, na mbuzi akatokea, kila unyoya mahali pake.

"We Siwatu, mbona unashangaa kama umeona jini?" Kibibi alicheka. "Kesho zamu yako kuvaa."

"Mm," Siwatu alijibu. Aliacha shule darasa la tano, na tangu hapo maneno yake mengi yaliishia kooni.

Ghafla umeme ukakatika. Mkono Pacha ukaganda hewani.

"Treni zinakwenda mwezini, umeme wa Tanga bado unakwenda msalani!" Kibibi alisema, na wote wakacheka.

Mbuzi alibaki bila jicho.

"Malizia mwenyewe, mwanangu," alisema Bi Mwatumu. "Jicho tu hilo."

Kibibi alichovya brashi. Akainua mkono mpaka karibu na ukuta, ukasimama hapo. Rangi ikadondoka sakafuni, tone baada ya tone.

"Unasubiri nini?" Bi Mwatumu aliuliza.

"Mkono wangu," Kibibi alisema kwa sauti ndogo. "Nausubiri uanze."

Hakuna aliyecheka tena. Bi Mwatumu alimvua kikuku, akaukandakanda mkono ule kama wa mtoto aliyeanguka.

"Waliokileta walisema kinatuliza mtetemeko wa mkono tu, mashine isikie vizuri," alisema. "Kumbe mchoro huanzia kwenye mtetemeko huo. Kimeuzima, na mkono umezoea kuanziwa."

"Mtetemeko utarudi?" Kibibi aliuliza.

"Sijui, mwanangu."

Umeme ukarudi. Mkono Pacha ukanyoosha vidole vyake, ukasema kwa upole, "Vaa kikuku, tuendelee."

"Nipe, Bi," Kibibi alisema huku machozi yakimtoka. "Bila hicho mimi si kitu. Mbuzi wangu wa zamani kila mtu aliwacheka."

Bi Mwatumu alisita, kikuku mkononi.

Siwatu ndiye aliyesogea. Alichukua brashi kwenye vidole vya Kibibi, akaifuta kwenye goti lile safi, akaacha mstari mwekundu. Kisha akamrudishia. Safari hii maneno hayakuishia kooni.

"Yule mbuzi wako wa kwanza, mwenye miguu kama ya kiti kibovu, uliyemchora kwenye karatasi ukamtupa," alisema. "Nilimwokota. Yuko ukutani, juu ya kitanda changu. Kila asubuhi ananichekesha, kabla sijakumbuka kuogopa watu."