Shavu la Kushoto

Robota la nguo likifunguliwa pale sokoni Mirongo, adabu unaiacha nyumbani. Rwehumbiza alilijua hilo vizuri, kwa sababu tangu mitumba ifurike mjini hakuna aliyemletea kitambaa cha kushona gauni jipya. Kazi yake sasa ilikuwa kuokota magauni ya wanawake wanene wa Ulaya na kuyapunguza yawaenee akina mama wa Mwanza. Asubuhi hiyo ya Februari, mwaka tisini na nane, alishika gauni la bluu lenye vifungo vyeupe, akavuta. Upande wa pili nao ukavutwa.

"Kaka, hili la kike," alisema msichana aliyeng'ang'ania mkono wa gauni. Alikuwa na blauzi ya krimu, sketi nyeusi ya kazini, na mashavu yaliyojaa vizuri.

"Najua. Mimi fundi."

"Basi mshonee mkeo lingine."

"Sina mke. Na hilo linakuzidi kiunoni, inchi nne nzima."

Msichana akamtazama kwa mashaka. "Umenipima saa ngapi?"

Gauni alilinunua msichana, akamfuata fundi hadi kibarazani kwenye cherehani yake. Kiuno kilikuwa inchi ishirini na nane. Jina lake Kija, mzaliwa wa Usagara, opereta wa simu katika kiwanda cha minofu ya sangara. Baada ya wiki mbili Rwehumbiza alikuwa anapiga simu kila siku kutoka duka la jirani.

"Kiwanda cha samaki, nikusaidie nini?"

"Namtafuta msichana wa gauni la bluu."

"Fundi wake alisema atapiga saa nne. Sasa ni saa nne na robo. Ulikuwa unampima nani?"

"Nilikuwa natia uzi kwenye sindano, mpenzi."

"Robo saa? Hebu kavae miwani."

Alimpenda, tena kwa moyo wote. Kufikia Juni alishamwandikia baba yake mdogo kule Bukoba aje Agosti, wakapeleke posa Usagara.

Halafu Jumapili moja ya Julai, wamekaa kwenye mawe ya ziwani wanakula mahindi ya kuchoma, Kija akageuka kutazama boti, na Rwehumbiza akaona shavu la kushoto limeshuka. Akaliweka hindi chini. Kwao Kagera ukimwi waliupa jina la Juliana, jina la kitambaa cha magendo, na ulipopita haukubagua nyumba. Alizika kaka wawili, na wote walianzia mashavuni. Tangu hapo alijifunza kuwasoma watu nyuso hata asipotaka.

Alisingizia gauni jipya ili ampime tena. Futi yake ya kupimia ikasoma inchi thelathini. Kiuno kimeongezeka inchi mbili, na mtu mwingine angeshukuru. Yeye alijiambia futi imevutika kwa uzee.

Odeta, mshonaji wa cherehani ya pili, ndiye aliyemwaga petroli. "Rwehu, mchumba wako anaumwa? Jumatano nimemwona hospitali ya rufaa."

Rwehumbiza akakimbilia simu.

"Jumatano ulikuwa wapi, mpenzi?"

"Kazini. Kwani vipi?"

Jioni ile aliandika barua nyingine kwa baba yake mdogo: safari iahirishwe. Jumatano iliyofuata alimfuata Kija kwa mbali, akamwona anaingia hospitali, akamsubiri getini hadi akatoka.

"Umenifuata," alisema Kija.

"Umenidanganya. Niambie tu, unaumwa?"

"Naumwa nini? Utaje."

Hakuweza kuutaja. "Shavu lako," alisema.

Kija akaketi kwenye ukuta mfupi. Akasema kwamba alipokuwa na miaka kumi na mitatu, mafuta ya chini ya ngozi ya shavu lile yalianza kuisha yenyewe hadi likabonyea. Ulikuwa ugonjwa wa nadra, ukafika mahali ukakoma. Shuleni walisema amelogwa, hakuna aliyekubali kukaa naye dawati moja. Mwishoni mwa mwaka jana walikuja madaktari wageni wa upasuaji. Walimvuta mafuta tumboni kwa sindano, wakayasafisha, wakayapanda shavuni kidogo kidogo.

"Tumboni?"

"Kola ikichanika, kiraka unakitoa wapi?"

"Kwenye upindo, kwa ndani."

"Kwa nini usitumie kitambaa kingine?"

"Hakitafanana."

"Basi ndivyo walivyofanya. Na waliniambia mapema kwamba mengine yatashika, mengine mwili utayameza, itabidi nirudie. Wamerudi. Narudia Jumatano ijayo."

"Kwa nini ulinificha?"

"Ulinikuta nimejaa. Kila asubuhi nalishika shavu hili mbele ya kioo, naomba lisishuke kabla hujanizoea." Akajifuta macho kwa kiganja. "Lakini wewe fundi. Umenipima mwenyewe. Ugonjwa gani unakula shavu moja, halafu unanenepesha kiuno?"

"Nilidhani futi imevutika."

"Ulinisimulia habari za kaka zako. Nilikuuliza kama umepima damu?"

"Hapana."

"Nilikufuata mahali?"

"Hapana."

"Nenda kazini, Rwehumbiza." Siku zote alikuwa akimwita fundi.

Rwehumbiza alipiga simu siku tano. "Naomba kuongea na Kija." "Opereta hayupo," ilijibu sauti ya Kija mwenyewe, na simu ikakatwa.

Jumatano alifika hospitali mapema na chupa ya uji. Alimkuta kwenye benchi, kanga ya kijani mabegani, hajapaka hata poda. Lile shavu lilionekana wazi, naye akalitazama bila kukwepa.

"Uji siruhusiwi kabla ya upasuaji," alisema Kija.

"Utakunywa baadaye." Akaketi. "Jana nimetoa damu. Majibu baada ya wiki mbili."

Kija aligeuka. "Unaogopa?"

"Sana."

Kija alivuta pindo la kanga kutoka kwenye benchi ili naye apate nafasi ya kukaa vizuri.

Muuguzi akatokea na karatasi. "Kija Mayala? Nani wa kukusainia?"

"Shikamoo, sista. Mama yuko Usagara, sijamwambia."

"Marahaba. Na huyu ni nani wako?"

Rwehumbiza akamgeukia Kija. Hakuwa na haki ya kujibu.

"Andika mchumba," alisema Kija. "Ila bado namchunguza."