Miche Iliyopikwa na Nailoni

"Mwingine huu!" Shangazi aling'oa mche wa nyanya, akautupa. "Na huu! Jamani, nimeikosea nini miche hii?"

Chiriku, aliyepewa jina hilo kwa kutokaukiwa maneno, alisimama kimya kando ya kitalu. Miche iliyokuwa wima jana ilikuwa imelala kama matambara, majani yamekunjamana.

"Udongo umelowa, lakini miche imelala. Huu ni ugonjwa," Shangazi alisema, akifuta jasho kwa kiwiko. "Nang'oa yote, nachoma. Msimu huu hatupandi."

"Yote?"

"Unataka nikubakishie ya kuchezea? Nailoni uliifunua mapema, sivyo?"

"Ndi... ndiyo."

Shangazi akaendelea kung'oa.

Miche ilifunikwa nailoni usiku kuzuia baridi, na ilitakiwa kufunuliwa jua likichomoza. Asubuhi hiyo wenzake walimwita kuruka kamba, akawaza, narudi sasa hivi. Hiyo sasa hivi ikafika saa saba mchana. Alipofunua, mvuke ulimpiga usoni kama wa sufuria.

"Shangazi, using'oe! Nilifunua saa saba!"

Mkono wa Shangazi uliganda. "Saa saba? Umenipikia miche! Na mdomo wote huo, umeshindwa kuufungua mpaka nimemaliza mistari miwili?"

"Niliogopa."

"Uliogopa! Na mimi nazika miche iliyo hai!"

Akakwangua shina moja kwa ukucha. Ndani palikuwa kijani. Akashusha pumzi. "Lete magunia."

Walichomeka vijiti, wakatandaza magunia juu yake kuweka kivuli. Jua lilipopoa wakamwagilia mashina. Kila Chiriku alipozidisha, Shangazi aling'aka, "Kidogo! Imeshapikwa, sasa unataka kuizamisha?" Kisha wakaanza kukata majani yaliyoungua, wakiacha vichipukizi vibichi vya juu.

Giza lilipoingia, sauti ya Shangazi ilikuwa imepungua ukali. "Joto tunalitibu kwa kivuli na maji kidogo," alisema. "Lakini ile mistari miwili haikuuawa na joto. Niliing'oa kwa sababu hukuniambia kweli. Ukikosea, sema wakati bado kuna cha kuokoa."

"Nisamehe, Shangazi."

Nusu ya kitalu ilikuwa bado na majani yaliyoungua.

"Hiyo ya kesho alfajiri. Nikuamshe?"

"Nitaamka mwenyewe."

Shangazi akamkazia macho. "Kweli?"

Chiriku akafikiri kidogo. "Niamshe tu, Shangazi."