Kengele ya Kitabu cha Dada

Haya hayakunipata mimi. Yalimpata rafiki yangu, mtengeneza programu tunayemwita Mbishi, na jina hilo hakupewa bure. Alikuwa akiandika programu ya kulinda mafaili: faili likibadilishwa, kidirisha kinafunguka kwenye skrini na kengele inalia. Ili kuijaribu, akaielekeza kwenye faili la kitabu ambacho marehemu dada yake alikiacha hajakimaliza.

Saa nane mchana, katika ofisi yao ya chini ya jengo, isiyo na dirisha, kengele ikalia. "Faili limebadilika." Mbishi alikuwa hajagusa kitu. Akachomoa waya wa mtandao. Kengele ikalia tena.

Fundi wa mtandao, aliyekuwa naye chumbani, akarudi nyuma. "Lifute hilo faili, dada'ngu, tutoke humu."

"Nifute kazi ya dada yangu kwa kuogopa kengele? Thubutu!"

Umeme ukakatika. Giza likawa totoro. Feni ikazunguka polepole hadi ikanyamaza, kisha wakasikia vitufe vya kompyuta iliyozimika vikibonyezwa kimoja kimoja. Fundi akatoka mbio. Mbishi akapapasa mpaka akakipata kiti mbele ya kompyuta, akaketi na kuweka vidole juu ya vitufe.

"Andika," akasema kwa sauti. "Mimi siendi popote."

Vitufe vikabonyezwa tena, safari hii kwa haraka, chini ya vidole vyake mwenyewe. Kisha kimya.

Umeme uliporudi, akafungua kitabu. Mwishoni palikuwa na mstari mpya: "Mdogo wangu, sogea kidogo. Umenikalia."